Kava ya Injini na Kitambaa cha Mama

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na naomba mlishike hilo tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linaloniaibisha kuliko mengine yote nitakayowaambia. Kidato cha pili nawafundisha jinsi joto linavyotoka kwenye chuma na kuingia kwenye kitu kilichokigusa, hata nina chati ukutani niliyoichora kwa mkono wangu na kuipaka rangi. Sasa mtu huyo huyo mwenye chati ndiye aliyechukua kitambaa kilicholowa oili, akakisokomeza juu ya injini, akafunga boneti na kupanda mlima hadi kanisani, mama yake mzazi akiwa amekaa kiti cha mbele. Wanafunzi wangu hawajui. Nyinyi nawaambia kwa sababu ni watu wangu, na pia kwa sababu Mama Wakesho anazidi kuisimulia vibaya (anasema kulikuwa na moto, na moto haukuwako, ulikuwa moshi tu).

Gari lenyewe tulilinunua mwaka jana, mimi na mke wangu Mkawasi, gari dogo la kijivu ambalo lilikuwa limeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Sisi tunakaa Kaloleni pale Voi, na kwa safari za Voi sikuhitaji gari, shule naenda kwa miguu. Gari lilikuwa la mama. Mama anaishi Ronge, katika nyumba ile ile niliyozaliwa, na magoti yake yalikuwa yamekataa kazi, na kutoka nyumbani hadi kanisani ni kupanda tu, hakuna mahali pa kupumzika isipokuwa ukae njiani. Pikipiki aliijaribu mara moja akasema basi, yeye hapandi tena kitu kinacholala kwenye kona. Kwa hiyo alikuwa amekaa miezi saba bila kuonekana kanisani, mwanamke ambaye tangu nimfahamu hakukosa Jumapili isipokuwa ile niliyozaliwa mimi.

Kilichomshikilia katika ile miezi saba ni kitambaa cha madhabahu. Kanisani kwetu akina mama hukifua kwa zamu, lakini zamu nyingi zilikuwa za mama yangu kwa sababu hakuna aliyemfikia. Mama Wakesho, ambaye ni jirani na ndiye mwenyekiti wa kikundi chao, alikuwa anamletea kitambaa ndani ya mfuko safi, na mama anakifua akiwa amekaa kwenye kigoda, anakitia buluu, anakitia wanga wa muhogo aliouchemsha mwenyewe (wa dukani anasema unanata), anakianika, halafu jioni kikiwa bado na unyevu kidogo anakipiga pasi ya makaa mpaka kinasimama chenyewe. Kwenye pembe moja kilikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu alioushona yeye. Aliniambia siku moja kwenye simu, "Hawanioni, lakini wakikiangalia wanajua bado nipo." Nilicheka nikamwambia asiseme hivyo. Sikuelewa kwamba hakuwa anatania.

Mpango ulikuwa hivi. Jumapili ile mama angerudi kanisani kwa gari, kitambaa akiwa amekibeba mwenyewe mapajani, na ibada ikiisha kasisi angetoka nje kuliombea gari. Mnajua mambo yetu, gari jipya halijawa gari mpaka liombewe, hata kama ni jipya kwako tu na lina mikwaruzo kila upande. Boneti hufunguliwa, kasisi anaweka mkono juu ya injini, watu wanazunguka, na mtu fulani lazima aulize linakula mafuta kiasi gani.

Nilipanda Ronge Jumamosi mapema. Mama akatoka na mkongojo wake, akalizunguka gari lote, kisha akaniambia nimfungulie aone ndani mwa boneti, mahali kasisi atakapoweka mkono. Nikafungua. Juu ya injini kulikuwa na ile kava ya plastiki, nyeusi, ila ya kwangu ilikuwa nyekundu kwa vumbi la Voi, vumbi limejaa kila mfereji, na majani makavu juu yake.

"Kasisi ataweka mkono hapo?" mama akauliza.

"Nitaifuta, mama."

"Usifute. Toa hiyo kofia uioshe." Tangu siku hiyo anaiita kofia.

Nikatafuta video kwenye simu. Yule mtu wa kwenye video alishika kava kwa mikono miwili, akavuta juu wima, upande wa mbele kwanza halafu wa nyuma, ikatoka. Sekunde nane. Alieleza kwamba chini yake kuna raba nne zinazokamata vichwa vinne vya chuma, na akasema waziwazi, usitumie bisibisi. Mimi nilivuta mara mbili, haikutoka, nikaenda kuchukua bisibisi (mwalimu wa fizikia, nikajiambia hii ni nyenzo tu, nguvu kidogo, mzigo mkubwa). Nikasikia kitu kinavunjika. Kava ikaruka na kuja yote kifuani kwangu, na raba moja ikatoka ikapotelea kwenye migomba, na mpaka leo iko huko.

Niliiosha vizuri, hilo sitajinyima. Nikaisugua kwa sabuni, nikaikausha, nikaipaka mafuta ya mgando kidogo ing'ae. Shida ilikuwa kule ilikotoka. Chini ya kava, kuzunguka mdomo wa kumiminia oili, wenye gari waliotutangulia walikuwa wamemwaga oili kila walipoongeza, na hakuna aliyewahi kufuta, ikawa bwawa jeusi limetulia pale. Nami badala ya kuliacha nikaligusa kwa kidole, kisha kwa kiganja, na punde mikono yote miwili ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko na oili imeanza kutiririka kuelekea kwenye nyaya.

"Mama!" nikaita. "Matambara yako wapi?"

"Nyuma ya nyumba!" akajibu kutoka jikoni. "Kwenye ndoo ya bluu!"

Nyuma ya nyumba ni hatua kumi na mbili. Nilikwenda kuzihesabu baadaye. Na hapo mbele yangu, kwenye ua wa miti, hatua mbili tu, kulikuwa na kitambaa cheupe kimeanikwa. Mama ana desturi ya kukata shuka kuukuu kuwa matambara, anayafua na kuyaanika, na mimi nikaona cheupe nikasema shuka kuukuu. Sikukiangalia. Nikakivuta, nikakizamisha katika lile bwawa, nikafuta, nikakamua, nikageuza, nikafuta tena, na kazi ikawa nzuri kiasi kwamba nilianza kupiga mluzi.

Halafu nikakigeuza mara ya tatu nikaona uzi mwekundu.

Sijui niwaambie vipi. Nikakikunjua nikaona kingo zilizoshonwa kwa mkono, nikaona jinsi kilivyokuwa kigumu kidogo kwa wanga pale ambapo oili ilikuwa haijafika (na hapakuwa pengi). Wakati huo huo nikasikia mkongojo ukigonga sakafu ya veranda, tok, tok, anakuja. Ningeweza kusema pale pale. Mtu mwenye miaka arobaini na moja, mwenye watoto wawili na chati ya joto ukutani, angeweza kusema, "Mama, nimeharibu kitu." Badala yake nilikisokomeza kitambaa juu ya injini, nikaweka kava juu yake, nikaikandamiza kwa ngumi, raba tatu zilizobaki zikakamata, tap tap tap.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Akaiangalia ile kava inang'aa, akaipapasa kwa kiganja, akatabasamu. "Sasa hii ni kofia ya kuendea kanisani," akasema.

Wazo langu lilikuwa rahisi, kwamba akiingia ndani tu nitakitoa, nitakimbia nacho dukani Mwatate nitafute cheupe kama hicho, kitu kama hicho, sijui. Lakini mama aliagiza kigoda chake kiletwe karibu na gari, akakaa hapo, ua mgongoni, uso njiani. Alikaa mchana wote. Kila aliyepita njiani alisalimiwa na kuonyeshwa gari, na aliyekuwa na haraka aliitwa arudi. Nikamwambia mama, jua ni kali, ingia ndani unywe chai, akasema leta chai hapa. Nikamwambia kuna mbu. Akaniangalia tu, maana ilikuwa saa nane mchana.

Ilipofika saa kumi na moja jioni aliwasha makaa ya pasi, akaenda kwenye ua kuchukua kitambaa, na hakikuwako.

Kwanza alitafuta chini ya ua. Kisha akatafuta ndani, kwenye kitanda, kwenye kikapu, kwenye kabati, halafu akarudi uani tena. Mimi nikawa naye nyuma, nainua vitu na kuviweka chini, natafuta kitu nilichojua kilipo, na mkisema uongo wenu unawachoma basi hamjawahi kuwa mimi siku ile. Mwishowe akasimama katikati ya uwanja akiwa amejishika paji la uso.

"Nilikianika," akasema. "Nakumbuka nilikianika. Nilikinyoosha pembe hivi." Akauangalia ua tena. "Ama hiyo ilikuwa zamu iliyopita?"

Hapa lazima niwaeleze kitu. Dada yake mkubwa, mama yangu mkubwa wa Mwanda tuliyekuwa tunamwita Nana, alimaliza maisha yake bila kumjua mtu. Alianza kwa kupoteza vitu vidogo vidogo, miwani, kijiko, halafu majina, mpaka akawa anawaita watoto wake "wageni" na kuwakaribisha kwa heshima sana. Mama ndiye aliyemuuguza. Na mwezi mmoja kabla ya Jumamosi ile, mama alikuwa ameweka sufuria motoni bila maji, ikaungua, naye akaniambia kwenye simu kwa sauti ya mzaha, lakini alinipigia tena baadaye akaniambia kitu kile kile, na mara hiyo sauti ya mzaha haikuwepo. Kwa hiyo aliposimama pale akashika paji lake, nilijua kabisa anaogopa nini.

Nami nikafungua mdomo nikasema, "Labda ni upepo, mama."

Hapakuwa na upepo. Hakuna jani la mgomba lililotikisika tangu asubuhi.

"Ndiyo," akasema polepole. "Labda." Akaenda akayamwaga yale makaa.

Mpaka tunalala mama hakuniacha peke yangu na gari, kwa hiyo niliweka simu iniamshe saa kumi na moja na nusu alfajiri, nitoke kimya kimya, nikitoe kitambaa, nikiloweke kwa sabuni na maji moto, kisha nikilete nikisema nimekikuta kwenye matope. Nilipotoka nje kulikuwa bado na ukungu, nikalifikia gari kwa kunyata, na ndani ya gari alikuwamo mtu. Mama. Kiti cha mbele, gauni la kanisani, kitambaa cha kichwani kimefungwa, mkoba mapajani. Ibada huanza saa tatu.

"Niliona tusichelewe," akasema.

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni usingizi wa kuamka mapema.

Tukaondoka saa mbili na nusu. Gari lilianza kupanda, na kwenye kona ya pili injini ikiwa imeshapata moto, harufu ikaingia kupitia kwenye matundu ya hewa. Nikafungua vioo vyote. Mama akanusa mara moja, akanusa tena. Mwanamke huyu amepiga pasi vitambaa vya wanga kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

"Hiyo ni harufu ya pasi iliyokaa sana juu ya wanga," akasema.

"Wapi, mama? Mimi sisikii kitu."

Akanusa mara ya tatu, kisha akageuka akaangalia nje dirishani. "Basi na pua pia," akasema kwa sauti ya chini, akijisemea mwenyewe.

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo matatu manne nataka kusimamisha gari. Sikusimamisha. Nilikuwa nimeshadanganya mara mbili na mlima ulikuwa umebaki kidogo, na mimi ni mtu ambaye akishaanza ujinga huumaliza.

Kanisani walimpokea mama kwa namna ambayo siku nyingine ningelia kwa furaha. Walitoka nje wengine wakiwa na vitabu vya nyimbo mkononi, "Kwawuka! Kwawuka!" wakimwamkia kwa lugha ya nyumbani, wakamshika mikono, wakamsindikiza mpaka benchi lake la mbele ambalo hakuna aliyekuwa amelikalia. Halafu tukaiona madhabahu. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha maua makubwa ya waridi, kile cha meza ya sebuleni kwa Mama Wakesho, kwa sababu mama alikuwa amempigia simu jana yake kumweleza. Mama alikiangalia, akainamisha kichwa, na sikumwona akikiinua wakati wa nyimbo, hata ule anaoupenda.

Wakati wa matangazo kasisi (kijana mpole, anapenda utani) akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akashika mkongojo wake na kusimama. Ilimchukua muda kusimama na kanisa zima likamngoja.

"Ndugu zangu," akasema, "nilipewa kitambaa cha madhabahu nikakipoteza. Sijui nilikiweka wapi. Nimetafuta. Mnamkumbuka dada yangu alivyoanza." Akapumua. "Naomba kazi hii mmpe mtu mwingine, ambaye kichwa chake bado ni kizima. Mnisamehe."

Mama Wakesho akaanza kufuta macho kwa ncha ya leso.

Hapo nikasimama. Naomba mniamini, nilisimama ili kusema. Nilikuwa nimeinua mkono kama wanafunzi wangu wanavyofanya, na neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kasisi akaniona, akaona mkono, akaona jinsi watu walivyohuzunika, na akataka kutusaidia sote.

"Naona mwenye gari ana haraka ya baraka!" akasema, na watu wakacheka kile kicheko cha kushukuru kwamba kuna la kucheka. "Basi twende, mwalimu, twende tukaliombee, na mama yetu tutazungumza naye polepole. Hatumwachi."

Mabenchi yakasukumwa, kwaya ikaanza wimbo, na mimi nikabebwa na watu mpaka nje nikiwa bado nimeinua mkono.

Wakalizunguka gari. Kasisi akakunja mikono ya joho. "Fungua, mwalimu." Nikasema labda tuombe tu hivyo hivyo, Mungu anaona hata boneti ikiwa imefungwa. Wakacheka tena. Mzee Mwadime, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, akaniambia nisiwe na haya, gari la mtu ni gari la mtu, akaingiza mkono mwenyewe na kufyatua boneti.

Moshi ulitoka mweupe, mzito, ukampiga kasisi usoni. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Mtu akapiga kelele, "Linaungua!" akina mama wakarudi nyuma wakivuta watoto, na mzee Mwadime akazungushia mikono yake jaketi lake, akashika kava pande mbili, akavuta juu wima, mbele kwanza halafu nyuma, ikatoka. Sekunde mbili. Chini yake kulikuwa na kitu cheusi kilichosokotana kinachotoa moshi. Akakivuta kwa fimbo ya mtu, kikaanguka kwenye nyasi, na Mama Wakesho akakimwagia ndoo nzima ya maji ya kunawia mikono.

"Mwalimu," mzee Mwadime akasema akikohoa, "ulikuwa unapiga pasi kwa gari?"

Lakini Mama Wakesho alikuwa ameshainama. Akakishika kwa vidole viwili, akakikunjua, na katikati ya oili na ile kahawia ya kuungua, kwenye pembe, ukaonekana msalaba mwekundu, nao umeungua upande mmoja. Watu wote wakageuka. Walimwangalia mama, aliyekuwa bado anatoka mlangoni na mkongojo wake, tok, tok, wakampisha njia.

Mama akakichukua. Akakigeuza. Akakinusa. Kisha akaniangalia.

"Nani alikiweka humo?"

"Ni mimi, mama." Sauti ilitoka ndogo ya mtoto. "Jana. Nilifutia oili. Nilidhani ni tambara. Kisha nikaona msalaba, nikaogopa nikakificha."

"Kilikuwa uani?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimekianika? Pembe zimenyooshwa?"

"Zimenyooshwa, mama."

Nilingoja kofi. Nawaambia ukweli, mtu wa umri wangu, mbele ya kanisa zima, nilikuwa nimeinamisha shavu tayari. Mama akanigeuzia mgongo. Akawageukia watu, akakiinua kile kitambaa juu kwa mkono mmoja, maji meusi yakimchuruzika hadi ndani ya mkono wa gauni lake la kanisani, na akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo akiniita kutoka ng'ambo ya bonde.

"Mmeona? Si mimi! Si mimi! Nilikianika!"

Akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akaachia mkongojo ukaanguka, akamshika Mama Wakesho mabegani, "Si mimi, Wakesho, na harufu niliisikia, nilimwambia ni wanga!" Na Mama Wakesho ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na wengine wakafuata, na nikawa nimesimama kando ya gari langu lililo wazi nikiwa na mikono mitupu, mtu wa pekee ambaye hakujua aangalie wapi. Kasisi, uso bado una masizi, aliliombea gari kwa maneno machache. Dereva alimwombea kwa marefu.

Tulipokuwa tunateremka kurudi nyumbani nikasema, mama, nisamehe kwa kitambaa. Akasema kitambaa ni kitambaa, uzi upo, atashona kingine. Tukapita kona mbili.

"Jana usiku sikulala," akasema. "Nilikuwa nataja majina ya wajukuu wote, mmoja mmoja, na siku waliyozaliwa. Nikimaliza naanza tena. Nilitaka kujua kama nimeshaanza kuyapoteza. Na wewe ulikuwa umelala chumba cha pili, Mwakio. Nilikuwa nasikia unavyokoroma."

Nikasimamisha gari kando ya njia kwa sababu sikuwa naona mbele. Akaniacha nilie, hakunigusa, akaangalia mashamba. Halafu akanipa leso yake.

"Siku nyingine nichafulie kila nguo niliyo nayo," akasema. "Lakini niambie."

Kitambaa kipya kipo madhabahuni sasa, na mama bado ndiye mwenye zamu, ila kikundi kilikaa kikaamua kwamba zamu hiyo asiifanye peke yake. Kwa hiyo mimi ndiye mwanamume pekee katika orodha ya Mama Wakesho, imebandikwa mlangoni kila mtu aisome. Kila mwisho wa mwezi natoka Voi napanda Ronge, nakaa kwenye kigoda cha pili, namiminia maji, nakoroga wanga, na kuambiwa kwamba sikorogi vizuri. Kava ya injini bado ina raba tatu na inalia kwenye kila shimo kuanzia Mwatate, na Mkawasi ameniambia ninunue raba ya nne na mimi nimekataa. Acha ilie.

Hatua kumi na mbili naziendea siku hizi, hata kwa tambara la kufutia viatu.

Mwezi uliopita nilimkuta mama anatafuta funguo za nyumba. Tuliziona mwishowe ndani ya debe la unga, na mimi sikuwa nimefika Ronge wiki tatu. Alipozishika mkononi, zikiwa nyeupe kwa unga, aliniangalia machoni, akauliza kama anavyouliza siku zote tangu Jumapili ile.

"Ni wewe ama ni mimi?"

Nilitaka sana kusema ni mimi. Mnajua nilivyotaka. Lakini nilishaahidi kumwambia kweli.

"Leo ni wewe, mama," nikamwambia, nikamshika mkono na unga wake. "Lakini tumezitafuta pamoja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akanipa funguo nizifute.